Kitalu cha mikoko Lamu: nani anayeamua siku ya kupanda?

Miche mingi ya mikoko inayokufa huku Lamu haifi kwa uvivu wa mtu. Tope lilibebwa, viriba (mifuko ya kuoteshea miche) vikajazwa, miche ikavushwa kwa mashua mpaka ng'ambo. Hufa kwa sababu siku na mahali pa kupanda viliamuliwa na mtu asiyejua maji wala tope, na wanawake wanaoyajua wakaitwa siku ya mwisho waje kubeba. Kwangu mimi, suala zima la kumwezesha mwanamke na maendeleo endelevu linasimama hapo. Kikundi kinachoweza kusema "siku hiyo maji yamejaa, hatupandi," na tarehe ikabadilishwa kwa neno lao, kimewezeshwa. Kikundi kilichopewa leso za sare na nafasi ya kusimama kwenye picha bado.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na karibu asilimia 60 ya hiyo iko Lamu: kuanzia visiwa vya kaskazini upande wa Kiunga, mkono wa bahari wa Dodori, kisiwa cha Pate, mlango wa Mkanda kati ya Manda na bara, mpaka mikoko ya kusini. Ni msitu wa serikali tangu 1932, na leo msimamizi wake ni Huduma ya Misitu, KFS. Vizazi kwa vizazi biashara ya mikoko ilikuwa ya wanaume. Wakataji wenye leseni waliingia mikokoni na mashua zao, wakatoka na fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila ukubwa na bei yake, na majahazi yakazipeleka mpaka Arabuni. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Lamu ikaumia. Kazi ya kurudisha msitu, hiyo imewaangukia wanawake zaidi. Sina tatizo na hilo. Ila mkataji alikuwa na leseni, bei na daftari, na anayepanda naye awe navyo.

Septemba 2015 nchi 193 za Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo 17 ya maendeleo endelevu. Lengo la 5 ni usawa wa jinsia, la 13 ni tabianchi, la 14 ni uhai wa baharini. Kwenye ripoti kila lengo lina ukurasa wake. Mikokoni hayatengani. Hekta moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko hekta ya msitu wa nchi kavu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ndani ya tope, si kwenye shina. Kamba, kaa na samaki wadogo hukulia kwenye mizizi hiyohiyo. Aliyeko Mombasa au Dhaka anapata sehemu yake ya faida, lakini mkono uliokamata mche ni wa mama wa Pate au wa Mokowe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipiga hesabu kwamba wanawake wakulima wakipata pembejeo, ardhi na mikopo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30. Hiyo ni hesabu ya mashamba, lakini mantiki yake inafika mpaka kitaluni: aliyenyimwa uamuzi hata ujuzi alio nao haufanyi kazi.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoamua yote.

Mwezi mwandamo na mwezi kumi na nne huleta bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka sana kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, kisha tena usiku saa kama hizo. Wiki moja baadaye ni maji mafu na mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa juu, na hata yakipwa hayapwi sana. Sasa chukua barua inayosema hafla ya kupanda mikoko itaanza saa nne asubuhi, Jumatano fulani. Jumatano hiyo ikiangukia maji mafu, wageni watafika, hotuba zitasomwa, na miche itapandwa pale pakavu palipobaki, juu kabisa, ambapo maji ya bahari hufika mara mbili kwa mwezi tu. Tope la hapo limejaa chumvi. Jua likikausha maji, chumvi hubaki na kuzidi, na wiki chache baadaye majani ya mkoko yamekunjamana na kuwa kahawia.

Dawa yake ni kikundi kutoa tarehe kabla hakijaulizwa. Kila mwanzo wa miezi mitatu, katibu aandike siku zinazofaa: kuanzia mwezi mwandamo, au mwezi kumi na nne, mpaka siku ya nne baada yake. Orodha hiyo imfikie kila anayetaka kununua miche, kabla kadi za mwaliko hazijachapishwa. Asiyeweza siku hizo anaweza kuja kukitembelea kitalu siku nyingine apige picha huko.

Kuna jambo jingine kuhusu saa nne asubuhi. Ndiyo saa ya kubandika chakula cha mchana, na watoto wa chekechea wako karibu kurudi. Kikundi kikiondoka watu 25 kuingia topeni, wawili au watatu wabaki kupika na kulea, na waandikwe kwenye daftari kwa malipo yaleyale ya aliyeingia topeni. Kikundi kisichofanya hivyo hupoteza kwanza wanawake wenye watoto wadogo, halafu watu husema hawana bidii.

Mbegu sasa. Mbegu ya mkoko ni ule ujiti wa kijani unaoning'inia mtini, wa nusu mita hivi. Ishike utazame pale ujiti unapoingia kwenye kofia ya tunda. Ikitokea pete ya manjano, imekomaa, na ukiigusa kwa upole huachia yenyewe. Pete ikiwa bado kijani, ukiivuta itatoka na kidonda na itaozea kwenye kiriba. Kagua pia mwili wake wote: kitundu kidogo chenye unga ni cha mdudu aliyekwisha kuingia, na mbegu hiyo itupwe mbali na nyingine. Zilizo nzima zilazwe kivulini, zifunikwe gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na zitumike ndani ya wiki mbili. Kama unapanda mahali penye kaa wengi, ziache kivulini siku kadhaa bila kuzilowesha sana. Kaa hupenda mbegu mbichi iliyojaa maji, na ile iliyonyauka kidogo huiacha.

Mkandaa na muia, aina nyingine za miti ya mikokoni kama walivyo mchu na mlilana, hufuata kanuni ileile kwa mbegu fupi zaidi. Mchu una namna yake: mbegu ni bapa, hulowekwa usiku kucha mpaka ganda litoke, kisha huwekwa juu ya tope upande wa mzizi ukiwa chini na kukandamizwa kidogo tu. Ukiifukia, imekufa. Wala usiiweke ndani siku nyingi, huanza kuota ikiwa kwenye ndoo. Mlilana ndio mgumu kuliko yote. Tunda lake lilowekwe mpaka lioze, mbegu ndogondogo zioshwe, zimwagwe kwenye trei ya tope laini, na zikiota majani machache zihamishwe moja moja. Vikundi vingi huukwepa mlilana kwa sababu hiyo, na hapo ndipo makosa ya ufukweni yanapoanza. Nitafika huko.

Kiriba kijazwe karai mbili za tope kwa moja ya mchanga. Tope tupu likikauka hupasuka na kukata mizizi, na mchanga mtupu humwagika mche unapotolewa. Tope lisichimbwe kwenye mizizi ya mikoko iliyo hai. Viriba viwe na matundu chini na ubavuni. Tuta la mita moja kwa kumi hubeba viriba kama 1,000 vyenye upana wa sentimita 10 vikisimama, na ukiacha njia kati ya matuta, mtu mmoja anaweza kuhesabu kitalu kizima kwa muda mfupi bila kukanyaga kitu. Kitalu kiwe mahali bamvua inapofika na kulowesha, pasipopigwa na mawimbi. Siku za maji mafu miche imwagiliwe kwa ndoo, maji ya bahari yaliyochanganywa na ya kisima. Kivuli cha makuti kipitishe nusu ya jua kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha makuti yapunguzwe kidogo kidogo, na mwezi wa mwisho miche ikae juani kabisa. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja mpaka topeni hauwezi jua la huko.

Kila wiki mbili viriba viinuliwe na kusogezwa. Visiposogezwa, mzizi hupenya chini na kushika ardhi, na siku ya kusafirisha utakatika. Mche wenye mzizi uliokatika huonekana mzuri siku ya hafla, na hufa mwezi unaofuata. Mkoko huwa tayari baada ya miezi mitatu au minne. Mchu huchukua muda zaidi.

Lakini niseme wazi jambo ambalo halisemwi sana: kwenye tope laini lililokingwa na mawimbi, mkoko hauhitaji kiriba kabisa. Mbegu iliyokomaa huchomekwa topeni theluthi moja ya urefu wake, ncha chini, mita moja kutoka mwenzake, na huota vizuri. Ni rahisi zaidi na haiachi plastiki. Vikundi hujaza viriba vya mkoko kwa maelfu kwa sababu mnunuzi analipa kwa idadi ya viriba. Bei ikifungwa kwenye kiriba, mwanamke aliyeshauri njia bora amejikatia riziki. Ndiyo maana nasema bei ihamishwe: kikundi kilipwe kwa hekta iliyokaguliwa, kupandwa na kutunzwa mwaka mzima, na viriba vibaki kwa mchu, mlilana na miche ya kujazia mapengo. Wangari Maathai na Green Belt Movement, tangu 1977, walikuwa wakiwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kauli hiyo ya "ulioshika" ndiyo iliyobeba kazi yote.

Mahali pa kupanda. Swali la kwanza ni kwa nini hapa hapana mikoko, ilhali mbegu huelea na kufika kila bamvua? Ukiona visiki, palikuwa na msitu, na huenda patarudi. Ukiona miche inayoota yenyewe, ondoka, paache, weka tu mtu wa kuzuia mbuzi na punda. Ukiona visiki vimekauka na tope limekuwa jeupe kwa chumvi, tafuta mkondo ulioziba. Mara nyingi barabara, lundo la mchanga au magogo yamekata maji. Wanawake kumi wenye sururu na koleo wakiufungua mkondo, na Huduma ya Misitu ikakubali, bahari yenyewe huleta mbegu misimu inayofuata. Kazi hii haina picha nzuri na wafadhili hawaipendi. Mimi naiweka mbele ya upandaji wowote.

Mahali ambapo mikoko haijawahi kuwapo, hasa penye majani ya bahari ambapo tasi na samaki wengine hula, pasipandwe. Ni kuharibu malisho mamoja ili kutengeneza msitu usioshika. Na mstari wa mbele unaopigwa na mawimbi ni wa mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu zaidi upande wa nchi kavu. Aliyejaza kitalu kizima mkoko kwa sababu mbegu zake ni rahisi, akaja kuupanda mbele, ataukuta umelala au umegandwa na magamba ya viumbe vya baharini shina zima mpaka ukavunjika kwa uzito.

Haya yote wanawake wanaoingia mikokoni kutafuta kaa, chaza na kuni wanayajua kwa macho. Kinachokosekana ni karatasi inayowapa nguvu ya kuyasema. Karatasi ya kwanza ni usajili. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha na orodha ya wanachama. Ya pili ni kuingia kwenye chama cha jamii cha misitu, maana sheria ya misitu ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kusimamia msitu pamoja na KFS kupitia vyama hivyo. Katiba ya 2010 inasema vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, na kamati nyingi zimejifunza kujaza theluthi hiyo kwa majina. Ukitaka kujua kama wanawake wamo kweli, uliza mkutano hufanywa wapi na saa ngapi. Mkutano wa barazani usiku baada ya Isha umekwisha kuwatoa, hata kama majina yao yamo kwenye orodha. Uhamishwe alasiri, madrasa au shuleni, na utaona ajenda inavyobadilika.

Fedha nazo zina mtego wake. Tuseme mnunuzi anataka miche 10,000. Asilimia 20 ikipotea kitaluni, na hiyo ni hasara ya kawaida, jaza viriba 12,500. Wanawake 25, kila mmoja viriba 500, kila mmoja na tuta lake lenye namba. Kila mmoja aandikiwe viriba alivyojaza, vilivyoota na vilivyotoka, kwa mistari mitatu tofauti. Daftari lenye mstari mmoja wa "jumla ya kikundi" ndilo linalozaa ugomvi, kwa sababu aliyekuja siku zote na aliyekuja siku ya malipo wanaonekana sawa. Akaunti iwe na watia saini watatu, na hakuna hundi wala muamala bila wawili. Malipo ya mtu yaende kwenye simu yake mwenyewe, na hapa uliza swali la moja kwa moja: laini imesajiliwa kwa jina la nani? Wanawake wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au kaka. Laini ikifungwa au mume akiondoka nayo, fedha zimeondoka. Kusajili upya ni kazi ya siku moja kwa mwenye kitambulisho, na ifanywe kabla ya malipo ya kwanza.

Faida ya kitalu isigawanywe yote. Sehemu ibaki kwenye sanduku la kikundi, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ambao si viongozi, na lifunguliwe mkutanoni tu. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea Afrika nzima, ila kwa kawaida yake mkopo hutozwa riba ya kila mwezi. Lamu hilo halipiti, na si sawa kuwalazimisha akina mama wachague kati ya dini yao na mtaji. Njia zipo. Mkopo wa dharura, kwa ugonjwa au msiba, utoke bila nyongeza yoyote. Mwanachama anayetaka jokofu la kuuza samaki, au mashine ya kushonea, kikundi kimnunulie, kimiliki kwanza, kisha kimuuzie kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo na kulipwa kwa awamu. Akichelewa, bei haipandi. Bora sheikh wa mtaa ausome mkataba mapema kuliko kuitwa baadaye kusuluhisha.

Kwa anayetaka kuona mradi ulioshika, Gazi, Kwale, kuna Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko, na fedha zimeingia kwenye maji ya kijiji na vifaa vya shule. Bomba la maji karibu na nyumba humrudishia mwanamke masaa aliyokuwa akiyamaliza kisimani, na masaa hayo ndiyo yanayomwezesha kukaa kwenye kamati. Mlolongo huo nauona mkubwa kuliko hesabu ya tani.

Linalobaki ni kuhesabu. Pima viwanja vya mita kumi kwa kumi vilivyotawanyika kwenye eneo, uvipige alama kwa vigingi. Ukiwa umepanda kwa mita moja, kila kiwanja kilikuwa na miche 100, kwa hiyo iliyo hai ndiyo asilimia yako moja kwa moja. Hesabu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, wakati wa bamvua, watu wawili: mmoja anahesabu, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Mbele ya kila mche uliokufa andika sababu: kaa, mbuzi, mchanga umefunika, chumvi, mawimbi, magamba, mzizi ulikatika. Usiandike "umekufa" peke yake.

Safu hiyo ya sababu iingie kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Malipo yagawanywe sehemu tatu: asilimia 30 wakati wa kuagiza, 40 baada ya kupanda, 30 baada ya hesabu ya mwezi wa 12. Kikundi kisikubali sehemu ya mwisho ifungwe kwenye uhai wa miche kama hakikuchagua siku na mahali. Miche ikifa kwa kaa, mbuzi au mzizi uliokatika, kikundi kinajaza mapengo kwa gharama yake. Ikifa kwa chumvi au mawimbi mahali alipochagua mnunuzi, mnunuzi ananunua miche mipya, na safari hii wanawake ndio wanaomwonyesha pa kupanda.